Miguu ilikataa, na kila mutu alikuwa na jibu yake

Ilikuwa siku ya ine asubui. Niliamka na haja ndogo kama kila siku, nikatupa blanketi pembeni, nikaambia miguu twende, miguu haikwenda. Sina namna ingine ya kuisema. Maumivu hakuna, wala si ile ganzi ya kulalia muguu vibaya, nilikuwa naiona pale mwisho wa kitanda, rangi ya kucha niliyopaka juu ya ndoa ya mutoto wa yaya ingali inangara, lakini ni kama mutu aliileta usiku akaiacha pale. Nikajisukuma na mikono nikaanguka kati ya kitanda na masini ya kushona.

Mimi ni fundi wa kushona, masini yangu ni ya kukanyaga, na tunaishi Cimpunda, mu Kadutu, muji wa Bukavu, Kongo. Nyumba iko chini ya barabara, ngazi za udongo 43 mpaka ufike juu kwenye moto, zile pikipiki, zinapita. Mwenye anajua Bukavu ameshaelewa: huku tambarare ni kidogo sana, ukikosa miguu unakuwa mutu wa kubebwa. Baba ya batoto na vijana wawili wa jirani balinibeba mu mugongo kwa zamu, usiku mvua ilikuwa imenyesha, na kila mara mmoja aliteleza mi nilifunga macho nikawaza batoto batatu bananiangalia toka mulangoni bila kulia. Ile kimya yao njo iliniumiza kuliko yote.

Ku hopitali dokta wa kwanza alifanya kazi yake vizuri, niseme ukweli. Alinigonga magoti na kinyundo, akaona yanaruka. Akaniambia nihesabu mpaka ishirini na pumzi moja tu, nikadhani ni muchezo, kumbe kuna ugonjwa unaanziaka mu miguu unapanda mpaka kifuani, Guillain-Barré, na ukifika pale mutu anaweza kukosa pumzi, sasa kuhesabu ni namna ya kupima. Akauliza kama mkojo unatoka, kama nasikia kitambaa nikijipanguza, juu mkojo ukifungana pamoja na miguu kukataa ni alama mishipa ya mugongo inabanwa na hiyo haingoje kesho. Akagonga mifupa ya mugongo mmoja mmoja akitafuta kifua kikuu, maana kinaingiaka mu uti wa mugongo pia. Kisha akauliza maswali ya mihogo: tunakula ya aina gani, unga unatoka wapi, banaloweka siku ngapi.

Hapo mama mukwe alikasirika, akaona ni dharau, lakini dokta alikuwa na sababu. Kuna ugonjwa unaitwa konzo, jina ni la Kiyaka, la kule Kwango, maana yake ni miguu iliyofungwa, na ilishaandikwa tangu 1938. Inatoka mu mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, sumu yake inabaki, mutu anakula hiyo tu majuma na majuma bila nyama wala samaki wala maharagi, halafu siku moja anaamka miguu imekauka ngaa. Inashika zaidi batoto na bamama bangali banazaa, na ile ulemavu haitokake tena. Huku kwetu Kivu ya Kusini ilishaonekana pia, kule Burhinyi, kipindi cha vita batu bamekosa muda na amani ya kuloweka mihogo. Kwa hiyo swali lake halikuwa dharau. Miguu yangu lakini ilikuwa laini kama kitambaa kimeloa, na sisi tunakula bugali na sambaza, wale samaki badogo ba ziwa, konzo akaitoa.

Labo, potasyumu, radio, ile picha ya mifupa ya mugongo, maji ya mugongo (hii balinitisha sana eti inaleta kiharusi, nikakubali hivyohivyo, haikuleta kitu), kisha tukakopa, tukavuka kwenda Kigali kupiga IRM, picha ya masini kubwa inayoonyesha ndani ya mwili. Yote nzuri. Na hapo njo shida yangu ya kweli ilianza, juu nilirudi mu kitanda ileile na karatasi nzuri na miguu mibaya. Muuguzi mmoja, mi nikiwa nimefunga macho akafikiri nimelala, aliambia mwenzake: "Huyu mama anajifanya, hana kitu." Sijamusahau. Ndugu yangu msomaji, kama unafanya kazi ku hopitali, mutu aliyejinyea juu hakuweza kufika choo na ni mita tano, huyo hajifanyi.

Nyumbani nako kila mutu alikuwa na jibu yake. Mama mukwe alisema ni karuho, sumu mutu alinitilia mu chakula ku ile ndoa, na akataja jina. Mama wa jirani, mtu ambaye tunaazimana chumvi. Ku chumba cha sala balifunga siku tatu, balinisimamisha kwa nguvu mbele ya batu, nikaanguka, bakasema imani yangu ni ndogo. Mimi nasali, sitaacha kusali, lakini ile siku nilirudi nyumbani nimevunjika kuliko nilivyoenda. Na yule mama wa jirani hakutia tena muguu kwetu kwa miezi mingi. Ugonjwa wangu ulimuchafulia jina mutu aliyekuwa ananifulia nguo za batoto bila kuombwa.

Juma la tatu alipita dokta mwingine, wa neva, mama mtu mzima, sauti yake ndogo. Muguu wa kushoto ulikuwa umeanza kunyanyuka kidogo, wa kuume bado. Aliweka mukono wake chini ya kisigino cha kuume, akaniambia: "Sukuma chini, mama." Nikasukuma mpaka jasho likanitoka, hakuna kitu. Akasema basi achana nayo, sasa nyanyua ya kushoto, mi nitaizuia. Nikawa napigana na mukono wake kule kushoto, na yeye akaanza kucheka polepole, akaita baba ya batoto: "Baba, leta mukono wako hapa chini." Akaweka. Kisigino cha kuume, kile kilichokufa, kilikuwa kinamukandamiza mukono mu godoro. Chenyewe! Baba ya batoto alilia pale.

Alituambia kipimo hicho kinaitwa alama ya Hoover, dokta wa Marekani aliyeielezea 1908. Akaandika mu karatasi: trouble neurologique fonctionnel. Akasema muguu ni nzima, waya ni nzima, ila namna ubongo unatuma amri imevurugika, na ukikaza mawazo juu ya ule muguu ndiyo inavurugika zaidi, ukiusahau unafanya kazi. Sisi batu wa Bukavu tunajua kuran ya umeme inayokataa kufika na waya hazijakatika. Akakazia mambo mawili: sijifanyi, na si kichaa. Nilimuuliza ni huzuni gani basi iliniletea, juu kila mutu alikuwa ananichimbua moyo. Akasema inaweza kuwa huzuni, uchovu, hata homa au kuteguka tu, na mara ingine hawaone kitu. Zamani badokta balikuwa balazimisha kupata huzuni kabla ya kutoa hilo jina, tangu 2013 kile kitabu kikubwa cha magonjwa ya akili cha Wamarekani hakidai tena. Sikuamini kwamba neno moja mu karatasi linaweza kumupumzisha mutu hivyo, lakini ile usiku nililala bila dawa.

Kine, yule wa kuzoeza miguu kutembea tena, alianza na vitu vya ajabu. Kutembea kinyumenyume. Kuteleza na soksi juu ya sakafu ya sima kama mutoto. Kwenda mbele nilikuwa naanguka, kinyumenyume naenda hatua sita! Alinikataza kuangalia miguu, tuliimba nyimbo za kanisa tukihesabu mistari ya dari.

Lakini masini njo ilifanya ile siku ambayo mi naihesabu. Binti yangu alipasua yunifomu ya masomo kwapani, kesho yake mutihani, nikasema nileteeni hapa nizungushe gurudumu na mukono. Nikaweka kanete, kile kidude cha uzi wa chini, nikapitisha uzi, kitambaa kilikuwa kinatoroka juu ya ile pamba iliyochakaa, nikawa nakishika na vidole viwili, naangalia sindano tu, sindano tu, na nikasikia binti amenyamaza. Nikasema nini? Hakujibu, alionyesha chini. Miguu yote miwili ilikuwa juu ya pedali, inakanyaga, kisigino, kidole, kisigino, kidole, na ule mukono wangu sijui uliacha gurudumu saa ngapi. Nikaangalia. Ikasimama palepale. Nikarudisha macho ku sindano, nikangoja, ikaanza tena.

Imepita mwaka na miezi miwili. Sijapona kabisa, nisiwadanganye. Mwezi wa sita ilirudi siku nne, nilipatwa na malaria, nikarudi mu mikono ya batu. Nikichoka muguu wa kuume unaburuta. Ila sasa naijua, nakaa, nanyoosha, nawaza kitu kingine, nangoja, siiti mutu wa kunitafutia mchawi. Kama yako imekukuta leo asubui, usianze na maneno yangu, enda kwanza upimwe, leoleo, juu yale magonjwa mengine niliyotaja hayangojake. Na bakikuambia egzame ni nzuri, uliza tena: basi ni nini? Uliza mpaka mutu akuguse kisigino.

Ngazi nimefika ya 31, na fimbo. Yule mama wa jirani alirudi jumamosi, siku ya posho, nilimuomba samahani mbele ya mama mukwe, akakubali, akaleta kitenge chake nimushonee, anataka mikono mipana. Kiko hapa juu ya masini, nimeshakata, kesho naunganisha.