Kufufua Redio ya 18650 Iliyotiwa Betri Kinyume

Redio ndogo za mkononi zinazotumia betri ya lithiamu aina ya 18650 zimejaa Kisumu, kuanzia Kondele hadi Kibuye, na nyingi zina udhaifu uleule: kati ya betri na bodi hakuna kitu cha kuikinga ikiingia kinyume. Betri nyingi za bei nafuu zimetolewa kwenye pakiti za laptopu. Ncha zake zote mbili ni bapa, na ganda lililobadilishwa halina alama. Tafuta mfereji mwembamba unaozunguka mwili wa betri karibu na ncha moja. Upande huo ndio chanya. Kisha hakikisha kwa mita.

Redio niliyotengeneza ilikuwa haiwaki, na ukiichomeka chaji, aisi (chipu) ya chaji inachoma kidole. Betri niliitoa kwanza. Ilisoma 3.6 V na haikuwa na joto, kwa hiyo niliihifadhi itumike tena. Betri iliyoshuka chini ya 2.5 V, au iliyowahi kupata moto mkali, mimi siirudishi kazini hata ikikubali chaji.

Swali la maana kwa mwenye redio ni moja: swichi ilikuwa imewashwa betri ilipotiwa kinyume? Ndani ya aisi nyingi kuna dayodi, yaani njia inayopitisha umeme upande mmoja tu, kutoka hasi kwenda chanya. Betri ikigeuzwa, dayodi hiyo hufunguka kwenye takriban 0.7 V na kupitisha ampea nyingi ambazo haikuundwa kuzibeba. Silikoni huungua na kubaki shoti. Swichi ikiwa imezimwa, kinachoumia ni kile kilichoungwa moja kwa moja na betri, yaani aisi ya chaji. Ikiwa imewashwa, amplifaya na kapasita kubwa nazo huingia hatarini. Aisi ya redio yenyewe, iliyo nyuma ya regula (kipuri kinachotuliza volti), mara nyingi hupona.

Nikaweka mita kwenye kipimo cha dayodi, waya mwekundu kwenye hasi ya bodi na mweusi kwenye chanya. Bodi isiyo na hitilafu husoma kati ya 0.4 na 0.7. Hii ilisoma karibu sifuri pande zote mbili. Kwenye omu, swichi ikiwa imezimwa, nilipata 0.8. (Gusanisha kwanza waya za mita zenyewe na utoe usomaji huo, maana waya chakavu huongeza karibu nusu omu.) Niliinua TP4056, yaani ile aisi ya chaji, kwa blowa ya 350 °C na flaksi, na shoti ikatoweka. Nilipowasha swichi ikarudi, sasa kama omu 2.

Hapa mafundi wengi huanza kung'oa kila kitu, na njia za shaba huondoka pamoja na vipuri. Mimi nilichukua betri moja ya tochi ya 1.5 V, nikaiunga kwenye chanya na hasi ya bodi kupitia rezista ya omu 1, wati 5, nikapaka spiriti juu ya vipuri. Inapokauka kwanza ndipo penye joto, na hapo ndipo penye shoti. Ilikauka juu ya amplifaya, 8002. Nilipoitoa na kupima kati ya mguu wa 6, ambao ni chanya, na wa 7, ambao ni hasi, ilikuwa shoti kamili.

Kapasita ya 220 µF 10 V ilionekana salama, lakini niliibadilisha. Kapasita ya elektroliti iliyopata umeme kinyume huharibika tabaka lake la ndani na baadaye huvujisha umeme hata kama haijavimba.

Kwenye TP4056 mpya angalia rezista ya mguu wa 2. Ya kilo-omu 1.2 hutoa ampea 1. Kwa betri kuukuu napendelea kilo-omu 2, inayotoa takriban 580 mA.

Kuwasha mara ya kwanza nilitumia balbu ya tochi ya 3.8 V, 0.3 A, iliyowekwa mfululizo na betri. Ikibaki inang'aa, shoti bado ipo. Iliwaka kidogo ikazima. Regula ya 662K ikatoa 3.3 V, na stesheni zikaingia. Ukiongeza sauti, balbu humemeta na mdundo. Hiyo ni kawaida.

Kuhusu kinga, dayodi ya mfululizo haifai hapa kwa sababu inazuia chaji isirudi kwenye betri. Niliweka mosfeti (swichi ya elektroniki yenye miguu mitatu: dreni, sosi na geti) AO3401: dreni kwenye chanya ya betri, sosi kwenye bodi, geti kwenye hasi ya bodi. Inapitisha umeme pande zote mbili bila kupoteza volti za maana, na betri ikigeuzwa inafunga. Ina tundu moja: chaji ikiwa imechomekwa huku betri ikiwa kinyume, volti za chaji huiwasha mosfeti na aisi mpya huungua. Ndiyo maana nilimwambia mwenye redio aingize betri kabla ya kuchomeka chaji, kamwe si baada yake.

Anayetaka kuondoa kishikio cha betri kabisa na kuweka betri yenye waya na plagi ndogo ya JST apime plagi hiyo kwanza. Baadhi huja na nyekundu na nyeusi zimebadilishana nafasi, na plagi itaingia vizuri tu huku umeme ukiwa kinyume.