Siku moja maishani mwangu na vyura wa Kihansi

Nasoma zuolojia na uhifadhi wa wanyamapori pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Watu wakisikia wanyamapori, wanaanza kuniuliza habari za tembo na simba wa Serengeti. Mnyama wangu mimi anakaa juu ya ukucha wa kidole gumba.

Saa 12:30 asubuhi. Navua viatu mlangoni mwa chumba cha vyura, navaa buti za humo ndani, nanawa mikono, kisha glovu. Hata profesa akija atafuata utaratibu huo huo. Fangasi wa kitridi, anayeua vyura, huingia kwa ngozi, na chura hutumia ngozi kunywa maji na kuvuta hewa.

Saa 1:00. Nakagua joto na vinyunyizio, tangi moja baada ya jingine. Nozeli ikiziba, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya siku. Chura huyu aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Mto Kihansi, milima ya Udzungwa, katika eneo la kama hekta 2 tu. Bwawa la umeme lilipoanza kazi, maji mengi yakageuziwa kwenye mitambo na manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani, kwenye bustani za wanyama. Huko nako wakafa kwa wingi. Kufikia mwishoni mwa 2004 walikuwa wamebaki chini ya 70. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Hawa ninaowahudumia ni uzao wa waliookoka, maana mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa hapa Dar.

Saa 2:00. Kulisha. Natia nzi wadogo wa matunda kwenye chupa yenye unga wa kalsiamu na vitamini, natikisa mpaka wawe weupe, namwaga. Dakika chache tu unga unadondoka, kwa hiyo lazima waliwe upesi. Nusu ya kazi hii ni kufuga wadudu: nzi wakikosekana leo, vyura watalala njaa kesho. Bustani ya wanyama inayojisifia wanyama wake, mimi naiuliza kwanza jikoni kwake kukoje.

Saa 4:00 hadi saa 7:00. Vipindi. Leo ni jenetiki, jinsi ya kuzuia ndugu kuzaa na ndugu katika kundi dogo. Baadaye wali maharage, haraka haraka.

Saa 8:00 mchana. Narudi kwenye matangi na tochi. Kuna jike limejibana kwenye jani, tumbo limejaa, na ngozi ya tumbo ni nyembamba kiasi cha kuwaona watoto ndani, vivuli vyeusi vilivyojikunja. Chura huyu hatagi mayai majini na hana kiluwiluwi anayeogelea majini. Anazaa vyura kamili, wadogo kuliko punje ya mchele. Nakaa pale muda mrefu kuliko ratiba inavyoruhusu. Dokta anaingia.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba. Huyo umeshamwandika?"

Naandika: namba ya tangi, saa, hali ya tumbo, na kwamba amekula.

Saa 11:00 jioni. Naingiza takwimu kwenye kompyuta. Waliokufa nao wanaandikwa, na kila mmoja anapasuliwa ili ijulikane kilichomuua.

Saa 2:00 usiku. Bwenini, dada tunayekaa naye chumba kimoja ananiuliza, "Sasa mtawafuga kwenye vioo mpaka lini?" Namweleza kwamba kule Kihansi vimewekwa vinyunyizio vya kutengeneza manyunyu, na kwamba tangu 2012 vyura wameanza kurudishwa bondeni. Ila kitridi bado kipo, na chura anayerudi anakutana nacho. Ndiyo maana kundi la hapa halivunjwi. Nataka mradi wangu wa mwaka wa mwisho uwe juu ya hilo: wanaoishi muda mrefu zaidi wakirudishwa ni watoto au wakubwa?

"Utaenda Kihansi kwenyewe?" ananiuliza.

Nimeshaandika barua ya kuomba kibali.