Siku Moja Kando ya Jiwe la Maziwa

Saa moja na nusu asubuhi ninaingia kwa mlango wa nyuma wa jumba la makumbusho, nikiwa nimebeba paketi za maziwa. Kazi yangu ni kutunza vyumba vya maonyesho, na msimu huu tumepokea kazi za maisha mazima za Wolfgang Laib, msanii aliyezaliwa mwaka 1950 huku huku kusini mwa Ujerumani, akasomea udaktari hadi akahitimu mwaka 1974, kisha akauacha na kushika maziwa, mchele, nta ya nyuki na chavua.

Saa mbili ninapiga magoti mbele ya jiwe. Ni bamba la marumaru nyeupe ambalo uso wake umesuguliwa ukabonyea kidogo mno, kiasi kwamba jicho halitambui. Ninamimina maziwa katikati polepole, kisha kwa ncha ya kidole ninayavuta kuelekea kona moja baada ya nyingine, hadi yafike ukingoni kabisa bila kumwagika. Yakishatulia, huwezi kujua jiwe linaishia wapi na maziwa yanaanzia wapi. Laib alianza kutengeneza mawe haya mwaka 1975, na desturi yake ni kulijaza mwenyewe mara ya kwanza tu. Siku zinazofuata ni zetu sisi watunzaji. Mwanzoni jambo hili lilinisumbua sana, kwa kuwa nimekulia Tanga katika nyumba ambamo maziwa yakibaki yanagandishwa, hayamwagwi. Siku hizi ninaona kwamba mkono wa kila asubuhi ni sehemu ya sanaa yenyewe.

Saa nne milango inafunguliwa, nami ninahamia chumba cha chavua. Sakafuni pametandazwa mraba wa manjano unaong'aa kana kwamba una taa chini yake, na kumbe ni vumbi la maua lililochekechwa kwa kitambaa chepesi. Laib huikusanya chavua hiyo mwenyewe, kwa mkono, kuanzia miti ya hezeli inapochanua mwishoni mwa baridi hadi misonobari ya baadaye, na msimu mzima humpa chupa chache tu. Maonyesho yakiisha, chavua hukusanywa tena, ikasafishwa na kurudishwa chupani. Kwa hiyo ninawaomba wageni watembee taratibu, na anayetaka kupiga chafya ninamwonyesha mlango mapema.

Chakula cha mchana ninakila haraka.

Saa tisa wanakuja wanafunzi wa shule ya msingi. Wanasimama mbele ya vichuguu vitano vya chavua, kila kimoja kikiwa na kimo cha sentimita saba hivi, kazi ya mwaka 1984 ambayo jina lake linavitaja kuwa milima mitano ya kutopandwa. Msichana mmoja anauliza ni nani angeweza kupanda mlima mdogo hivyo, kisha anaziba mdomo kwa viganja ili pumzi yake isiuguse. Sikuwa na jibu bora kuliko viganja vile.

Saa kumi na mbili jioni wageni wameondoka na maziwa yameanza kunukia uchachu. Ninayafyonza kwa sifongo, ninaliosha jiwe kwa maji safi mara mbili, ninalipangusa na kuliacha wazi likauke usiku kucha. Kabla ya kuzima taa ninahesabu paketi zilizobaki kwenye friji: zinatosha kwa kesho tu.