Siku Moja Wodini Urambo, Msimu wa Dawa ya Majani

Saa moja asubuhi. Napokea zamu. Mvua za Desemba zimeshika na vijijini watu wameweka jembe chini, wamebeba bomba la kunyunyizia dawa ya majani, ile ya kuua magugu. Usiku ameletwa mama wa makamo aliyekunywa dawa ya majani akidhani ni maji. Yuko hoi: anatapika, anaharisha, koo linamwaka, presha imeshuka. Nashukuru mwanawe amekuja na kopo. Ni glaifoseti. Haina dawa ya kuizimua, na sehemu kubwa ya madhara yake hutokana na kile kisabuni kinachoifanya ishike kwenye jani. Naendelea na dripu, napima presha na mkojo.

Saa nne. Kijana anaingia kwa miguu yake, baba na kaka nyuma. "Mwangaluka, daktari." Jana jioni alipiga funda kutoka chupa ya soda, akatema upesi. Analalamikia ulimi tu. Nikimtazama mdomoni, vidonda, na ngozi inachubuka. Rangi ya kilichokuwa chupani? "Kijani cha bluu, inanuka vibaya." Namtuma kaka mtu akalete kopo kwa pikipiki.

Saa saba kopo linafika: parakwati. Mkaa wa dawa, unaonasa sumu tumboni, ungemfaa zaidi saa zile za mwanzo, na zimeshapita. Sumu hii huunguza mdomo na koo, ikaingia figo, kisha kwa siku au wiki mapafu yanakakamaa na pumzi inakatika, mgonjwa akili zake timamu. Muuguzi mgeni anasogeza oksijeni, namzuia. Huichochea sumu mapafuni, kwa hiyo tunampa mgonjwa pale tu kiwango cha oksijeni kwenye damu kikishuka sana. Anauliza kuhusu atropini. Hiyo ni ya sumu fulani za kuulia wadudu, zinazomtoa mtu mate na jasho na kubana mboni. Hapa haisaidii.

Mkojo wake umepungua. Naandika rufaa ya Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa kule Tabora.

"Daktari, mbona mnamhangaikia huyu anayetembea, na yule mama mahututi mmemwacha?" baba yake ananiuliza. Namkalisha chini. Namwambia, mzee wangu, makopo yote mnayaita dawa ya majani, lakini ya mama huanza kwa kishindo na wengi hupona tukiwahi dripu. Ya mwanao huanza kimya. Anainamisha kichwa. Sina la kumpunguzia.

Saa kumi gari linaondoka na kijana na baba yake. Presha ya mama imepanda, anaomba uji. Namuuliza yule kaka kama nyumbani kuna chupa nyingine.

"Zipo mbili, jikoni."

Nampigia mwenyekiti wa kitongoji.