Chupa, maji ya bafu na jina nyuma ya ramani

Aliyenishauri niruke kurasa za mwanzo za riwaya za upelelezi, eti mambo huanza maiti ikipatikana, alinipotezea wiki nzima. Nilimsikiliza. Nikaifungua Evil Under the Sun ya Agatha Christie, iliyotoka mwaka 1941, nikaruka hadi pale Arlena, mgeni wa hoteli moja kisiwani, anapokutwa ufukweni amenyongwa. Kufika katikati nilikuwa nimepotea kabisa. Redfern, Miss Brewster, Meja Barry, wageni wote wale wa hoteli walikuwa majina matupu. Nikaifunga kabla ya mwisho, na hadi leo nashukuru.

Nikaanza upya. Zile porojo za watu wanaoota jua, nilizoambiwa ni za kujaza kurasa, zina uzito kuliko mahojiano yote ya polisi. Msiziruke!

Nikachora kisiwa: hoteli, ghuba ya Pixy Cove alikokutwa Arlena, na njia ya zege inayofunikwa bahari ikijaa. Halafu nikakata vipande vya karatasi, kila mgeni na chake, nikavipanga kuanzia saa nne asubuhi, mpelelezi Poirot mwenyewe alipomsaidia Arlena kusukuma chelezo chake majini, hadi saa sita. Mtu akijisemea alikuwa wapi, naandika kwa penseli. Akishuhudiwa na mwingine, naandika kwa wino. Jioni ya kwanza tu niliona jinsi penseli ilivyojaa.

Kando nikaweka mambo yasiyokaa kwenye kipande cha mtu yeyote. Chupa iliyorushwa dirishani ikamkosakosa Miss Brewster. Na maji ya bafu. Hayo maji yaliniweka macho usiku mbili! Mhudumu anayasikia yakitoka adhuhuri, na wageni wote wanakana kuoga. Nani anaoga saa hiyo, na kuoga kuna aibu gani hata mtu afiche? Nilirudi kwenye kila kipande na swali hilo moja: huyu angekuwa na nini cha kuosha? Vipande vikapungua, na vile vya wino, nilivyokuwa nimeviamini, nikaanza kuviuliza upya.

Poirot alipokaribia kueleza, niliweka alama ukurasani, nikaandika jina nyuma ya ramani, ndipo nikaendelea. Namna mauaji yalivyopangwa nilikuwa nimeipata nusu tu. Jina lilikuwa lilelile. Sitaliandika hapa.