Foleni Ilipangwa na Askari wa Geti

Waraka wangu wa kwanza ulikuwa na kurasa tatu, mhuri na sahihi. Wiki mbili baadaye niliukuta jikoni umewekwa chini ya birika la chai ili lisichome meza.

Nilikuwa nimekabidhiwa ofisi moja ya umma huku Eastlands, Nairobi, yenye vitengo viwili vilivyoishi kama wake wenza: ustawi wa jamii orofa ya chini, ajira juu. Agizo lilikuwa fupi: viunganishwe, mwananchi amalize shida zake mahali pamoja. Tangu vituo vya Huduma vianze kufunguliwa mwaka wa 2013, watu wa Nairobi wamezoea kupata mambo mengi chini ya paa moja, na walikuwa wakituuliza waziwazi kwa nini kwetu wazungushwe.

Chukua bibi wa miaka 74 kutoka Kayole. Yumo kwenye Inua Jamii, ile ruzuku ya serikali ya shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70. Amekuja kwa sababu pesa zimekwama. Aliyemshika mkono ni mjukuu wake, msichana aliyemaliza kidato cha nne na hana kazi, na ndiye mlezi wake kwenye rejista. Bibi anasikilizwa chini. Mjukuu anapanda juu kujaza fomu nyingine: jina, nambari ya kitambulisho, lokesheni, chifu, kana kwamba serikali haijawahi kumwona. Bibi anabaki kwenye benchi saa mbili akimngoja. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inamtambulia haki ya hifadhi ya jamii. Haikusema ni ya kungojea kwenye ubao usio na egemeo.

Mpango wangu ulikuwa wa tiketi za nambari, madirisha mapya na maafisa kubadilishana zamu. Tukafanya semina ya siku mbili hotelini, tukala kuku, tukabandika karatasi za rangi ukutani. Kila mtu alisema, "Sawa, madam." Mimi nikasikia kukubali. Jumatatu tiketi zilitolewa, Ijumaa boksi lake lilikuwa limewekwa maua ya plastiki.

Ukweli niliupata kwenye chai ya saa nne. Afisa mmoja wa ustawi, mtu mpole sana, aliniuliza bila kuinua macho, "Madam, tuambie tu, ni nani anatoka?" Kumbe neno 'kuunganisha' wao walisoma 'kupunguza', na semina nzima walikuwa wakihesabu viti. Nikawaambia nilichokuwa nacho: cheo cha mtu hakiguswi mwaka huu wa fedha, baada ya Julai sina hakika, na nikipata habari nitawaambia siku hiyohiyo. Halikuwa jibu la kufurahisha. Lakini maswali yalianza kuja mezani kwangu badala ya kuzunguka kwenye korido.

Jumatatu iliyofuata nilifika saa moja asubuhi, nikaketi getini na askari wetu. Hapo ndipo niliposhika kichwa. Yule mzee alikuwa akiendesha ofisi kabla sisi hatujafungua milango. Wenye watoto mgongoni aliwapeleka kivulini. Wenye mikongojo aliwaita mbele, na hakuna aliyenung'unika. Alijua kwamba baada ya baraza la chifu tutafurika wazee, na kwamba uvumi wa kazi za Uarabuni ukipita mtaani, vijana watajaa hadi barabarani. Nikamuuliza kuhusu tiketi zangu.

"Madam, wazee wengine hawazioni hizo tarakimu. Na ukimwita mtu namba arobaini na nane, anadhani yuko kwa daktari."

Tukaanza upya, kidogo. Jumanne tu, siku isiyo na msongamano: meza moja karibu na geti, afisa mmoja wa ustawi na mmoja wa ajira wamekaa pamoja, na askari ndiye anayepanga nani aanze.

Fomu niliipeleka masjala, kwa karani aliyekuwa akipinga kila kitu changu. Alikuwa na daftari lake la jalada gumu ambalo alikataa katakata kuliacha hata baada ya kompyuta kuja. Nilishamwita kikwazo mbele ya watu, jambo ninalojutia. Alichukua kalamu nyekundu, akafuta maswali 9 kati ya 22. "Haya tunayo tayari. Tumewauliza miaka yote kwa sababu fomu ina nafasi." Mwezi uleule mtandao ulilala siku nne, na daftari lake ndilo lililotuwezesha kuhudumia watu.

Mjukuu wa bibi wa Kayole alikuwa miongoni mwa wa kwanza pale mezani. Wakati bibi anaeleza habari za pesa, akadokeza kwamba wanatafuta za kumlipa wakala atakayempeleka msichana Saudia. Afisa wa ajira, ambaye zamani angekuwa juu asisikie lolote, akatafuta jina la wakala huyo kwenye orodha ya waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Halikuwemo. Bibi akalifunga fundo la leso yake tena, taratibu, na pesa zake ndani.

Baada ya hapo sikuhitaji waraka. Maafisa wenyewe waliomba Alhamisi iongezwe, kisha siku zote.

Kosa langu la mwisho nililigundua nikiwa nimeshaanza kujisifu. Askari hakuwa mwajiriwa wetu; alikuwa wa kampuni ya ulinzi, na mkataba wake ulipokwisha akaletwa kijana mwingine. Foleni ikavurugika wiki tatu. Hakuna mahali nilipokuwa nimeandika alichokuwa akifanya, kwa kuwa kazi yake kwenye karatasi ilikuwa kufungua na kufunga geti. Nikampigia simu. Sasa analinda duka la jumla kando ya Thika Road. Alinieleza kila kitu kwa dakika arobaini, mimi nikiandika, halafu akauliza kama yule bibi wa Kayole alilipwa.

Nikamwambia ndiyo, za miezi minne kwa mpigo, shilingi 8,000.

"Na msichana?"

Nikamwambia bado tunamtafutia.