Wali wa Nazi wa Puerto Viejo

Sikutarajia kwamba harufu ya tui ingenipokea Puerto Viejo, mji mdogo wa pwani ya Karibi nchini Costa Rica, kama inavyonipokea nyumbani Kibokoni, Mombasa, kila adhuhuri. Mama mwenye mkahawa alipika wali na maharagwe katika sufuria moja, kwa tui la nazi na majani ya thaimu, kisha akaweka juu yake pilipili nzima isiyopasuliwa, ili itoe harufu bila kuwasha. Sisi tungeipasua.

Wazee wake walitoka Jamaika, kama wengi waliokuja kujenga reli ya bandari ya Limón iliyokamilika mwaka 1890. Ndiyo maana alizungumza nami kwa Kiingereza chao cha visiwani, akamgeukia mwanawe kwa Kihispania, huku mzee wa Kibribri, kabila la wenyeji wa Talamanca, akisubiri kumuuzia kakao. Reli ile ilinikumbusha yetu, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896.

Haraka haikuwapo kabisa. Samaki niliyemwagiza saa sita aliletwa karibu saa nane, jambo ambalo mtu wa Mombasa hana haki ya kulilalamikia.